Kaunti ikivunja ukuta ili njia iwe ya umma: kesi ya Nyali na barabara zetu za mitaani

BintiFrere (Mombasa)

Salaam kwenu nyote. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Kila jambo hili linapozuka watu hugawanyika: wengine wanashangilia tingatinga likifika, wengine wanalia kwamba mali ya mtu imenyang'anywa. Naona pande zote mbili huanzia katikati ya hadithi. Swali la kwanza huwa halijaulizwa: hiyo njia, au hicho kiwanja, kilitokaje mikononi mwa umma kikawa cha mtu?

Chukueni kesi ya Nyali. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ya Mombasa iliingia kwenye kiwanja kimoja cha ufuoni ikabomoa ukuta, ikitaka kufungua barabara ya watu kwenda baharini. Kiwanja kilikuwa na hati. Kampuni iliyokimiliki, Dina Management, ilikuwa imekinunua kwa kampuni nyingine, nayo ilikuwa imekipata kwa mtu aliyegawiwa mwanzo, mwaka 1989. Mtu huyo ni Daniel arap Moi, ambaye wakati huo alikuwa Rais wa nchi.

Wenye kiwanja wakaenda mahakamani. Walishindwa kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi, wakashindwa tena Mahakama ya Rufani, na tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikaufunga mjadala. Ilisema kiwanja hicho kilikuwa kimetengwa kuwa eneo la wazi. Kwa sababu hiyo kilikuwa ardhi ya matumizi ya umma, hakikuwa ardhi iliyokaa tu ikingoja kugawiwa, na hapakuwa na namna halali ya kumpa mtu binafsi, hata akiwa Rais. Hati iliyotokea hapo na mauzo yote yaliyofuata vilijengwa juu ya mgao usio na mashiko. Mahakama ilieleza kwamba hati ni matokeo ya mchakato, na kama mchakato haukufuata sheria, basi aliyeshika hati hawezi kuinua karatasi tu akasema mjadala umekwisha. Katiba yenyewe, Ibara ya 40(6), inasema haki ya kumiliki mali haifiki kwenye mali iliyobainika kwamba ilipatikana kinyume cha sheria. Kwa hiyo hakukuwa na fidia.

Mimi nilifurahia hukumu hiyo na sioni haya kusema. Anayeijua pwani yetu anajua kilichotokea. Ibara ya 62 ya Katiba inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Bahari ni yetu na mchanga ni wetu, lakini kuufikia mchanga wenyewe ndipo kazi ilipo. Unatembea barabara nzima ukuta upande huu, ukuta upande ule, geti baada ya geti, mpaka ufike sehemu kama Pirates pale Bamburi ndipo unaona maji. Haki ya kutumia ufuo bila njia ya kuufikia haina faida kwa mtoto wa Kisauni wala kwa mvuvi.

Lakini nisieleweke vibaya. Hukumu ya Nyali haikuipa kaunti ruhusa ya kuvunja ukuta wowote inaoutaka. Ikiwa ardhi ni ya mtu kihalali, Ibara ya 40(3) imeweka masharti: ichukuliwe kwa manufaa ya umma tu, mwenyewe alipwe fidia ya haki, kamili na bila kucheleweshwa, na awe na njia ya kwenda mahakamani. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka kaunti iombe kupitia Tume ya Taifa ya Ardhi, tangazo litoke kwenye gazeti rasmi la serikali, na siku zisizopungua 30 zipite kabla ya kikao cha kusikiliza wenye maslahi. Kaunti ikiruka hatua hizo, mimi nitakuwa upande wa mwenye ukuta.

Na lipo la tatu ambalo hatulizungumzi vya kutosha. Kuichukua barabara si kuondoa geti peke yake. Ikishakuwa ya umma, nani anazibua mtaro? Nani anaweka taa, anazoa taka, anaziba mashimo baada ya mvua za masika? Katiba, Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la barabara za kaunti. Basi zikichukuliwa zichukuliwe na matengenezo yake.

Tuelezeni huko kwenu ilikuwaje. Naomba tusemezane kwa adabu.

---

MnunuziMwema (Nairobi)

Dada, nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu, lakini nina uchungu na hukumu hiyo. Hebu vaa viatu vya mnunuzi. Umeona kiwanja kinauzwa. Umemtuma wakili akafanya upekuzi kwenye masjala ya ardhi, na masjala, yaani serikali, ikajibu kwa maandishi kwamba muuzaji ndiye mmiliki. Ukalipa ushuru wa stempu, serikali ikapokea. Ukaenda kaunti kuchukua kibali cha kujenga ukuta, ukakipata. Kila mwaka unalipa reti, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, na risiti unapewa. Halafu siku moja serikali hiyohiyo inakwambia hati uliyopewa na serikali haina thamani, toka.

Hapo mnyonge ni nani? Aliyegawa kiwanja cha umma hakupoteza kitu. Aliyekigawiwa akauza, pesa ameshakula. Afisa aliyetia muhuri amestaafu. Anayelipa ni yule wa mwisho, aliyefanya kila alichoambiwa afanye. Sisemi ufuo ufungwe. Nasema ikiwa umma unataka njia yake, umma umlipe mtu aliyenunua kwa nia njema. La sivyo hakuna hati Kenya hii inayoweza kuaminiwa, na benki zitaanza kuziogopa.

---

BintiFrere

Kaka MnunuziMwema, asante kwa kulisema wazi. Nakubali kwamba mnunuzi wa mwisho ameumizwa. Ninachokikataa ni kwamba aliyemuumiza ni mtu anayetaka kupita kwenda baharini.

Fikiria ukimlipa. Fedha zinatoka wapi? Kwenye kodi yangu, yako, na ya yule mama anayeuza viazi karai kando ya barabara. Umma uliporwa kiwanja mwaka 1989, sasa ukinunue chenyewe kwa bei ya soko ya leo, na bei za viwanja vya ufuoni Nyali wewe unazijua. Yaani tungelipa mara mbili: mara ya kwanza kwa kunyimwa njia miaka yote hiyo, mara ya pili kwa kuirudisha.

Sheria haijamwacha mnunuzi patupu. Anaweza kumgeukia aliyemuuzia, kwa sababu alimuuzia kitu ambacho hakuwa nacho. Ni njia ngumu na ya gharama, najua. Ila mzigo unamwangukia anayestahili, na labda siku nyingine muuzaji na wakili wake watachimba historia ya kiwanja kabla ya kukitangaza.

Kuhusu upekuzi: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 26, inasema hati ni ushahidi wa umiliki, lakini inaweza kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa ufisadi. Hilo liliandikwa waziwazi miaka kumi na zaidi kabla ya hukumu hii. Na tume ya kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ile ya Ndung'u, ilitoa ripoti yake mwaka 2004. Humo mna mambo ya hifadhi za barabara, viwanja vya shule, makaburi na maeneo ya wazi yaliyokatwakatwa na kupewa watu. Anayenunua kiwanja cha ufuoni kilichogawiwa miaka ile ana sababu zote za kuuliza maswali zaidi ya upekuzi wa siku moja.

---

SaveaMstaafu (Kilifi)

Nimefanya kazi ya upimaji muda mrefu, nikiwa na serikali kisha peke yangu. Naomba niongeze upande wa ramani, maana mabishano mengi ya barabara humalizika ukizifunua karatasi tatu tu, na watu hawazifunui.

Mtu akiwa na shamba kubwa na akataka kuligawa viwanja, hawezi kuuza viwanja visivyo na njia. Mpango wa ugawaji lazima uonyeshe barabara. Mara nyingi, kwenye masharti ya kibali, barabara hizo huachiwa serikali bila malipo. Mwenye shamba hapati fidia, kwa sababu faida yake ni kwamba shamba limekuwa viwanja na thamani imepanda. Tangu siku ile barabara si yake tena. Iwe ni mchanga mtupu, iwe na migomba iliyoota katikati, ni ya umma.

Sasa linatokea nini? Viwanja vinauzwa, majumba yanajengwa, wakaazi wanachanga, wanamwaga maramu au wanaweka kabro, yale matofali ya kutandika chini, wanajenga kibanda cha soja na geti mwanzoni. Baada ya miaka, kila mtu pale anaamini kwa dhati kwamba barabara ni yao kwa kuwa wao ndio walioitengeneza. Jirani wa nyuma akitaka kupita anaambiwa azunguke. Siku kaunti inakuja kuondoa geti, inaonekana kama imevamia mali binafsi. Lakini fungua ramani ya masjala: barabara imechorwa, haina namba ya kiwanja, inaungana na nyingine upande wa pili. Hiyo haikuwahi kuwa ya binafsi. Fedha walizotia wakaazi ni za kushukuriwa, ila hazihamishi umiliki.

Aina ya pili ni ule mtaa uliojengwa na mwekezaji mmoja kama mradi wa kufungwa tangu mwanzo. Humo barabara inabaki ndani ya hati mama, yaani hati ya shamba zima kabla ya kugawanywa, au inapewa kampuni ya wakaazi, na kila mwenye nyumba ana hisa. Hii ni ya binafsi kweli. Kaunti ikiitaka, ipite mlango aliousema BintiFrere: tume, tangazo, kusikilizana, fidia.

Aina ya tatu ni zile njia za zamani ambazo hazijawahi kuchorwa popote. Hizi ndizo zinazonisumbua mimi, kwa sababu ramani haizisemei.

Ongezeni na hili. Kanuni za upimaji zinasema ardhi ya serikali iliyopakana na bahari inapopimwa ili igawiwe, kwa kawaida uachwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Tembeeni ufuoni mkaone majengo yalipo.

---

MzeeWaMadema (Mombasa)

Savea amesema kweli. Mimi ni mvuvi na baba yangu alikuwa mvuvi. Sisi ndia hizi, yaani njia, tumezikuta. Hakuna aliyezikata kwa amri ya serikali, zimekatwa na miguu ya watu. Mtu anatoka kijijini na madema yake, mitego ya samaki, begani, anapita chini ya minazi, anafika bandarini. Akirudi na samaki, mama karanga, wale wanaokaanga na kuuza samaki, wanamngoja palepale. Nyali hii ilipokuwa shamba la mkonge watu walikuwa wakipita. Ilipoanza kujengwa majumba ya Wazungu watu walipita. Wenyewe wakijua kwamba ile ni ndia.

Ukuta ulikuja baadaye. Kwanza waya. Halafu miche ya michongoma. Halafu soja anakuuliza waenda wapi. Mwisho ukuta wa mawe na geti la chuma. Kila hatua ukilalamika waambiwa una karatasi gani. Karatasi ya ndia aliye nayo nani?

Leo mvuvi mwenye injini ya boti aibebe mpaka kwenye kichochoro kimoja kilichobaki, mbali kule, kisha arudi nyuma kwa mchangani. Samaki wanaharibika kwa jua. Vijana wengi wameiacha kazi. Si kwa sababu samaki wamekwisha peke yake, ni kwa sababu kufika baharini kumekuwa adha.

Huyo ndugu wa Nairobi namuonea huruma kwa pesa zake. Na yeye atuonee.

---

BintiFrere

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante kwa kuingia.

Ulichouliza kuhusu karatasi ya njia kina historia yake. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda wa pwani. Kila mwenye madai alitakiwa ajitokeze na kuyasajili. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikahesabiwa kuwa ya mfalme wa Uingereza. Waliokuwa karibu na ofisi, waliojua kusoma zile fomu na wenye ushahidi wa maandishi walipata. Njia ya kupita watu wote haikuwa na mdai mmoja, kwa hiyo hakuna aliyeisajili. Ndivyo kitu kilichokuwa cha kila mtu kilivyoonekana kwenye vitabu kuwa hakina mwenyewe.

Ndiyo maana sikubali lugha ya kwamba kaunti "inachukua" njia ya mtu kila mara inapofungua kichochoro cha ufuoni. Pengine inarudisha. Lazima tujue kipi ni kipi kabla ya kuchagua upande.

---

MbeziJuu (Dar es Salaam)

Wakuu, huku kwetu hadithi inafanana ila mlango wake ni mwingine. Mzee, shikamoo.

Dar sehemu kubwa imejengwa bila kupimwa. Mtu alinunua shamba, akamuuzia mwenzake kipande, naye akakata tena, na njia ikabaki pale ambapo watu waliacha upenyo. Hakuna barabara ya binafsi wala ya umma, kuna upenyo. Ndipo urasimishaji unapoingia. Wataalamu wanakuja, wanachora, halafu inabidi wakazi wenyewe wakubaliane nani asogeze ukuta ili gari la zimamoto na la wagonjwa lipite. Ardhi hiyo kwa kawaida unaitoa bila fidia. Unachopata ni kwamba kiwanja chako kinapimwa na unaweza kupata hati. Ubungo Darajani wakazi walifanya hivyo, walikubali kupunguza maeneo yao ili njia zipatikane. Hanna Nassif, miaka ya tisini, wakazi walishiriki kujenga mifereji na barabara za mtaa wao.

Nimekaa kwenye vikao hivyo mtaani kwangu, na nawaambia hakuna kazi ngumu kama kumshawishi mtu asogeze ukuta nusu mita. Mama mmoja mjane alikubali siku ya kwanza. Mwenye ghorofa kubwa kuliko wote ndiye aliyegoma, akasema atakayegusa ukuta wake watakutana mahakamani. Barabara ikapinda kumkwepa, ikala kiwanja cha jirani yake asiyekuwa na sauti. Mpaka leo maji ya mvua yanajaa kwenye ile kona.

Kwa barabara kubwa mambo yako wazi zaidi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 kila upande hadi mita 30. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 anawekewa X nyekundu, anavunjiwa bila malipo. Aliyekumbwa na nyongeza ya mita 7.5 anawekewa X ya kijani, maana yake barabara imemfuata yeye, anastahili fidia. Mimi naipenda mantiki hiyo, japo kulipwa kwenyewe watu husubiri sana. Ni hoja ileile ya dada: nani alitangulia, wewe au barabara?

Barabara za mitaa tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Kwa hiyo wakazi wakishachanga kifusi na kupata njia inayopitika, ombi lao huwa moja: iingizwe kwenye mtandao wa barabara zinazohudumiwa. Hakuna anayelilia geti. Tunalilia greda.

---

Mvita_London

Assalaam alaikum. Nipo Uingereza, na kwa kuwa sheria zetu za barabara Kenya zimerithi mengi kutoka huku, nadhani mfano wa huku unasaidia.

London ya karne ya 19 ilikuwa na mageti barabarani. Matajiri wenye mitaa, kama ukoo wa Bedford kule Bloomsbury, waliweka mageti na walinzi ili mikokoteni na watu wasiowataka wasipite. Wananchi walilalamika miaka mingi, wanaoishi pembeni walizunguka mbali, magari ya zimamoto yalicheleweshwa. Mwishowe Bunge likapitisha sheria mbili, ya 1890 na ya 1893, za kuondoa mageti hayo. Leo ukitembea pale hutajua kama paliwahi kufungwa. Dulwich, kusini mwa jiji, bado kuna barabara moja ya shirika la mtaa yenye geti la kulipia.

Sheria ya sasa ni ya mwaka 1980. Ina mambo mawili ambayo natamani kila Mkenya ayajue. La kwanza, watu wakiitumia njia kwa uwazi, bila kuomba ruhusa na bila kuzuiwa, kwa miaka 20 mfululizo, njia inachukuliwa kuwa imetolewa kwa umma, isipokuwa mwenyewe aonyeshe kwamba hakukusudia hivyo. Ndiyo sababu utaona vibao vya kusema hapa si njia ya umma. New York pia, ile Rockefeller Plaza ya katikati ya jiji hufungwa siku moja kwa mwaka ili ibaki ya binafsi. La pili, halmashauri ikishaitengeneza barabara ya binafsi kufikia kiwango, inabandika tangazo palepale barabarani. Mwezi ukipita bila wenye barabara kupinga, inakuwa ya kuhudumiwa kwa fedha za umma. Mjenzi wa nyumba mpya naye hutakiwa kuweka dhamana ya benki, ili akitoroka bila kumaliza barabara, fedha za kuimalizia ziwepo.

Hilo la dhamana ndilo tunalolihitaji nyumbani. Wajenzi wetu wanauza nyumba ya mwisho na kutoweka, wanaacha mtaro nusu.

---

MkaaziSyokimau

Mimi nina tatizo lililo kinyume na la Nyali. Sisi tunataka barabara yetu ichukuliwe na hakuna anayeitaka!

Tunaishi mtaa wa nyumba zaidi ya mia. Mwenye mradi alituuzia kwa maneno ya lami, taa na mabomba. Tulipata kokoto. Tukachanga wenyewe. Kila nyumba inalipa ada ya mwezi kwa soja, taa na kuziba mashimo, na bado tunalipa reti kaunti. Tukiomba msaada wa barabara tunajibiwa hiyo ni barabara ya binafsi. Tukiuliza reti zetu zinafanya nini hatujibiwi.

Lakini hata sisi wenyewe hatujapatana. Nusu ya wakaazi wanataka kaunti ichukue. Nusu wanasema ikichukuliwa geti litaondoka, bodaboda zitakatiza kutoka upande wa pili, na wizi utarudi. Kuna mama ana watoto wadogo, ameniambia hiyo geti ndiyo sababu ya yeye kununua pale. Siwezi kumdharau.

Savea, tuanzie wapi?

---

SaveaMstaafu

Mwanangu, anzeni na mpango wa ugawaji uliopitishwa, kabla ya barua yoyote. Tafuteni masharti ya kibali. Ikiwa humo mwenye mradi aliagizwa kuiachia serikali barabara, basi hamwombi hisani. Mnaieleza kaunti kwamba barabara ni yake tangu siku kibali kilipotoka, na kwamba mwenye mradi hakukamilisha kukabidhi. Ikiwa barabara imebaki kwenye hati mama, ulizeni hati mama iko kwa nani sasa. Nimeona mitaa ambayo mwenye mradi ameiweka rehani benki, barabara na yote, wakaazi hawana habari.

Ya pili, ipo sheria ya zamani ya kuzifanya barabara za binafsi kuwa mitaa ya umma, Sura ya 406. Msingi wake ni huo alioueleza ndugu wa London: barabara ifikishwe kwenye kiwango, na wenye viwanja vilivyopakana nayo wanaweza kubebeshwa gharama. Kwa hiyo wale wanaodhani kaunti itakuja na lami ya bure wajiandae kisaikolojia na kimfuko.

Ya tatu, suala la geti limalizeni ninyi kwa ninyi kwanza. Hamwezi kupata vyote viwili. Barabara ikihudumiwa kwa fedha za umma, mtu wa upande wa pili ana haki ya kupita bila kuandikwa kwenye daftari la soja. Mnaweza kuomba matuta ya kupunguza mwendo, taa, hata magari makubwa yazuiwe. Kumzuia mtu anayetembea kwa miguu hamwezi. Pigeni kura mkijua hilo, na kura iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, maana kuna watakaogeuka.

---

MnunuziMwema

Nimesoma maelezo ya savea na ya mzee. Sijabadili msimamo kwamba afisa aliyetia muhuri hati ya uongo lazima alipe, yeye binafsi, hata akiwa amestaafu. Hukumu zinafuta hati lakini sijaona zikimfuata mwenye muhuri.

Hata hivyo nakiri hoja ya mzee ni nzito. Swali langu sasa ni kwa njia zile ambazo hazijachorwa, na ardhi iliyozizunguka ni ya watu halali kabisa. Hapo kaunti ikija na tingatinga itakuwa imekosea. Je, wavuvi wafanye nini?

---

BintiFrere

Kaka, hilo ndilo nililotaka tufike. Sheria ya Ardhi ya 2012 ina sehemu ya haki za njia za umma. Kifungu cha 145 kinaruhusu serikali ya kaunti, chama, au hata kundi la watu tu, kuomba kwa Tume ya Taifa ya Ardhi itambuliwe njia ya kupita umma kwenye ardhi ya watu. Umiliki haubadiliki. Mwenye kiwanja anabaki na hati yake, ila ukanda ule watu wanapita na hawezi kuuzibia. Na kifungu cha 148 kinampa haki ya fidia, ambayo jukumu la kuilipa ni la chombo cha umma kilichoomba. Ndiyo maana ni vyema wavuvi waombe pamoja na kaunti. Wakiwa peke yao, mwenye kiwanja atawauliza fedha za fidia ziko wapi.

Kuhusu mwenye muhuri, mimi na wewe tuko upande mmoja.

Mzee wangu, mna kikundi cha usimamizi wa ufuo kilichosajiliwa? Kama mnacho, ombi liandikwe kwa jina lake. Wekeni mchoro wa njia ilipopita, picha za zamani kama zipo, na maelezo ya wazee walioitumia, yaliyoapwa mbele ya wakili au hakimu. Wazee hao wahojiwe sasa wangali na kumbukumbu zao.

---

MzeeWaMadema

Kikundi tunacho. Mwenyekiti ni kijana wa ndugu yangu. Wazee wanaoijua ile ndia ya karibu na mkwaju wamebaki wachache, mmoja haoni lakini atakwambia ilipopinda. Ijumaa baada ya sala tuna kikao bandani. Mwanangu, niandikie hivyo vifungu kwa Kiswahili hiki hiki ulichotumia hapa, nikawasomee.

---

SaveaMstaafu

Mzee, nami nitakuja na kifaa cha kupimia. Tukitembea na huyo mzee wenu aliyepofuka akatuongoza kwa mkono, naweza kuuchora mstari wa njia yenu siku hiyohiyo na kuuweka juu ya ramani ya viwanja. Sitaki malipo. Nauli ya matatu kutoka Kilifi ninayo.